Tulienda Dar kununua picha

Kwa miaka miwili tangu tuhamie nyumba yetu ya Kihonda, Morogoro, ukuta wa sebule ulikuwa na vitu viwili tu: saa na kalenda ya benki. Mke wangu ni muuguzi. Kila akirudi zamu ya usiku hujitupa kwenye kochi linalotazamana na ukuta ule, na kila mara alikuwa akinung'unika kwamba ametoka wodini na amerudi wodini: kweupe, kusafi, hakuna cha kumpumzisha macho. Kwa hiyo zamu yake ya mchezo ilipofika na akapokea fedha zake, alitenga shilingi laki mbili, akaziweka mezani na kuniambia, "Baba, hizi ni za ukuta."

Njia rahisi ilikuwa kwenda dukani. Madukani zimejaa picha zilizochapwa kiwandani, zina fremu za plastiki zinazong'aa: maporomoko ya maji ya nchi za mbali, farasi weupe wanaokimbia ufukweni, bakuli la matunda ambayo kwetu hayaoti. Picha kubwa ya namna hiyo si ya bei ndogo. Tukakaa tukaipima ile bei, tukajiuliza: hivi kwa fedha kama hizo hatuwezi kupata picha iliyochorwa kwa mkono na mtu tunayeweza kumwamkia? Tukakubaliana tushuke Dar, tulale usiku mmoja kwa shemeji yangu Sinza, tuone wenyewe.

Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar na Morogoro mwezi Juni 2024, safari ya namna hii imekuwa nyepesi. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa kuwa shilingi 13,000, na unafika kabla ya saa mbili kutimia. Nauli tuliiweka mbali na zile laki mbili. Laki mbili ilikuwa ya sanaa peke yake.

Lazima niseme tulikuwa na kovu. Miaka kadhaa nyuma, tulipokuwa wachumba, nilimnunulia kinyago kwenye duka moja la zawadi. Kilikuwa mzee aliyeshika mkongojo, cheusi tii, na muuzaji aliniapia kuwa ni mpingo. Nililipa bila kuuliza zaidi. Wiki ya pili mke wangu alikipangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kikatoka cheusi na mzee wa watu akabaki na uso wa rangi ya maziwa ya mgando. Kilikuwa kipande cha mti laini kilichopakwa kiwi ya viatu. Kilichoniuma zaidi ya fedha ni kwamba aliyekichonga alikuwa na mkono mzuri. Mikunjo ya shavu ilikuwa sahihi, vidole vya mkongojo vilikuwa vidole kweli. Fundi wa namna ile hakustahili kufunikwa na kiwi, na hata jina lake hatukulijua.

Ndiyo maana Jumamosi asubuhi kituo chetu cha kwanza kilikuwa Mwenge, kwenye vinyago. Kutoka stesheni tulipanda mwendokasi ya Gerezani hadi Morocco, kisha daladala. Soko lile liko kando ya barabara ya Sam Nujoma. Mbele kuna mabanda yaliyopangwa twiga, vifaru, bakuli, vitana na vinyago vya kila kimo, lakini ukisogea nyuma unasikia mlio wa tezo, na huko ndiko kwenye mambo.

Tulimkuta mzee mmoja ameketi chini juu ya gunia, miguu ameinyoosha, gogo amelibana kwa nyayo mbili kama anavyobanwa mbuzi wa kuchinjwa. Mkono mmoja tezo, mwingine unaligeuza gogo. Tulimpa shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho, kisha akatuuliza kama tunatafuta kitu au tunatembea. Mke wangu akamweleza habari ya kinyago chetu cha kiwi, tangu mwanzo hadi mwisho. Mzee aliweka tezo chini.

"Lete mkono, mwanangu," akamwambia, na kumkabidhi kipande cha mpingo kisichozidi shubiri. Mkono wa mke wangu ulishuka kwa uzito. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Halafu mzee akageuza gogo lake akatuonyesha ukingo. Kiini ni cheusi chenye mkolezo wa zambarau, lakini kukizunguka kuna utepe wa mti wenye rangi ya krimu, ule wa nje uliokuwa chini ya gamba. Mafundi wengi huuacha utepe huo makusudi, kwenye kitako au kwenye ubavu wa kinyago, ili mnunuzi aone kuwa weusi ni wa mti wenyewe. Kinyago kisichoonyesha hata chembe ya weupe si lazima kiwe cha bandia, alisema, ila kigeuze, tazama chini kilipokatwa, kipanguse kwa leso yenye unyevu, kipime mkononi. Akaongeza jambo ambalo sikuwahi kulisikia: kinyago kipya cha mpingo usikiweke juani wala mbele ya kiyoyozi, kitapasuka. Kipake mafuta kidogo, kiache kizoee nyumba.

Mke wangu alivutiwa na maarifa hayo, mimi nilivutiwa na kilichokuwa nyuma ya mgongo wa mzee: ujamaa. Ni gogo moja lililosimama karibu na kimo cha kiuno, watu wamepandana kutoka chini hadi juu, mama, watoto, mzee mwenye kiko, kila mmoja amemshika mwenzake bega au kifundo cha mguu, na hakuna hata mmoja aliyeunganishwa kwa gundi. Wamakonde, wa upande wetu wa Mtwara na wa ng'ambo ya Ruvuma huko Msumbiji, wana aina zao za kuchonga. Kuna ujamaa, kuna shetani, yale maumbo yaliyopinda yenye jicho moja na midomo iliyochomoza, ambayo Samaki Likankoa anatajwa kuwa ndiye aliyeyaanzisha katika miaka ya 1950. Kuna mawingu, vinyago visivyo na sura ya mtu wala mnyama. Aliyewahi kuona shetani mzuri karibu anajua kwamba hii ni kazi ya akili kabla haijawa kazi ya mikono, kwa sababu fundi hachori kwanza kwenye karatasi. Analitazama gogo lilivyopinda, kisha anaamua ni nani anayeishi humo.

Bei ya ule ujamaa mkubwa ilikuwa laki nne na nusu. Sikubishana. Ukipiga hesabu ya wiki alizokaa nalo gogo lile, pamoja na bei ya mpingo wenyewe, mti unaochukua miongo mingi kukua hadi ufae kuchongwa, na ambao unagombewa na watengenezaji wa klarineti huko Ulaya, utaona kwamba bei ile si ya kumlaumu mtu. Nilichofanya ni kuuliza kama kuna mdogo wake. Mzee akamwita kijana wake, naye akaja na ujamaa wa shubiri moja na nusu: watu saba, wa juu kabisa mtoto aliyeinua mikono. Chini kwenye kitako ule utepe wa krimu ulionekana wazi. Shilingi 70,000.

Nilifungua mdomo kusema hamsini. Ndivyo tulivyozoea, ukiambiwa bei unataja yako. Mke wangu akanivuta kando.

"Mimi nikikesha zamu, kuna mtu huniomba punguzo asubuhi?"

Nililipa sabini. Si kwamba kupatana bei ni dhambi. Sokoni kwetu ni sehemu ya maongezi, na muuzaji asiyepunguza hata mia huonekana ana kiburi. Lakini kuna mahali bei inapandishwa kwa ajili ya mtalii, na hapo patana, na kuna mahali fundi mwenyewe anakutajia bei kwa Kiswahili, akiwa bado ana vumbi la mbao kwenye nyusi. Ukimkata theluthi mtu huyo umemkata chakula cha siku mbili. Tofauti ya mahali hapo pawili mtu mzima anaijua.

Mchana tulipita Mikocheni kwenye Nafasi Art Space, kituo cha wasanii kilichoanzishwa mwaka 2008, chenye karakana ndani ya makontena. Kazi nyingi tulizoziona huko ni za sanaa ya kisasa na kubwa, zilituzidi kimo na mfuko, lakini kutazama hakulipiwi na tulikaa hadi miguu ikachoka.

Jumapili, baada ya ibada ya kwanza, tulichukua bajaji hadi Oysterbay, pale Morogoro Stores, barabara ya Haile Selassie. Kwa mtu wa Morogoro jina la mahali hapo linapendeza tu kulitamka. Kwa mpenda picha ni mahali pa kuheshimu, maana ndipo tingatinga ilipozaliwa.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Aliondoka kwao kama walivyoondoka vijana wengi wa kusini, akaenda kukata mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam miaka ya 1950. Alifanya kazi ya nyumbani na bustani kwa mzungu mmoja, baadaye akahangaika na vibarua, na katika pitapita zake akapata kazi ya uhudumu katika hospitali ya Muhimbili. Hakusomea uchoraji popote. Ilipofika mwaka 1968 alichukua kipande cha ubao mwembamba uliosindikwa kiwandani, ule wa kupigia dari, akanunua rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, akachora mnyama mmoja mkubwa katikati ya rangi moja. Chui, tembo, ndege. Ubao ule na rangi ile ndivyo vilivyokuwa karibu na mfuko wake. Mkewe, Agatha Mataka, ndiye aliyekuwa akiziuza picha hizo hapa Morogoro Stores, ambako wakazi wa kigeni wa Oysterbay walikuja kununua mahitaji. Mume anachora, mke anauza: sanaa inayotambulisha nchi hii duniani ilianza kama biashara ndogo ya watu wawili wenye ndoa.

Haikudumu kwao. Mwaka 1972 Tingatinga alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Lakini alikuwa ameshawaita ndugu na jamaa kutoka kusini na kuwafundisha, akina Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu na Kasper Tedo, nao wakawafundisha wengine, hadi mwaka 1990 ukaundwa ushirika rasmi wa wachoraji ambao hadi leo uko palepale. Hesabu hiyo ya miaka minne ni muhimu kwa mnunuzi. Mtu akikupa picha yenye sahihi ya E. S. Tingatinga mwenyewe, akakwambia ni laki moja, funga pochi yako uondoke. Picha za mkono wake ni chache na zinatafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Japani.

Nilimsimulia mke wangu habari ya Muhimbili tukiwa kwenye bajaji. Alikaa kimya muda mrefu. "Mhudumu wa wodi," akasema mwishowe. "Kumbe ni mwenzetu."

Kibanda cha kwanza tulichosimama kilikuwa na picha zaidi ya mia, na baada ya dakika tano nikaanza kuona jambo ambalo wengi hulilalamikia: pundamilia yuleyule, Mlima Kilimanjaro uleule, Wamasai walewale sita wembamba wamesimama kwenye machweo ya rangi ya chungwa. Muuzaji hakujua nani amechora nini. Mimi siwalaumu wachoraji kwa kunakili. Tingatinga imefundishwa hivyo tangu mwanzo, mwanafunzi anaiga mkono wa mwalimu hadi mkono wake uanze kusema, na mtalii anayetaka pundamilia atauziwa pundamilia. Ila mnunuzi wa Kitanzania, ambaye pundamilia anamjua na Mikumi iko mlangoni kwake, hana sababu ya kununua picha iliyotengenezwa kwa ajili ya macho ya mtu mwingine. Sisi tunaweza kudai picha zinazotuhusu, na wachoraji wanazo. Mohamed Charinda alisifika kwa picha zinazosimulia hadithi, za vijijini, za mashetani, za historia. Wapo wanaochora soko, harusi, daladala, na wapo wanaochora hospitali.

Tulipoingia kwa wachoraji wenyewe barazani, harufu ya rangi ya mafuta na tarpentaini ilitupokea. Vijana na watu wazima wameketi kwenye viti vifupi, turubai imelazwa mapajani, makopo ya rangi yamewazunguka. "Karibu kaka, karibu shemeji." Mmoja wao, mtu wa makamo, alikuwa anatia madoa kwenye mgongo wa kanga, namaanisha ndege. Tulisimama kumtazama. Mwili wa ndege ulikuwa umeshakauka, wa buluu iliyokolea. Alichovya ncha ya brashi nyembamba kwenye rangi nyeupe, akagusa, akainua, akagusa, akainua, na kila doa lilikuwa dogo kuliko lililotangulia kadiri alivyoelekea shingoni, mpaka bila kuchora mstari wowote ndege yule akapata umbo la kuviringika. Hakupima kwa rula. Rangi ya mafuta haina huruma, alituambia. Doa likikosea huwezi kulifuta, unasubiri likauke ulifunike. Ndiyo maana picha moja huchorwa kwa siku kadhaa: leo rangi ya nyuma, kesho wanyama au watu, keshokutwa nakshi.

Nyuma yake, ukutani, mke wangu aliiona picha yake. Sikuhitaji kuambiwa, nilimwona anavyosogea.

Ilikuwa hospitali. Kipande cha sentimita kama 60 kwa 80, na ndani yake watu zaidi ya arobaini. Foleni ya akina mama wenye watoto mgongoni inazunguka jengo. Wagonjwa wawili kwenye kitanda kimoja, mmoja kichwa kaskazini, mwingine kusini. Daktari na kipima moyo shingoni. Bibi anakataa sindano, wajukuu wamemshika. Dirishani ndugu anaingiza hotpoti na chupa ya chai. Na katikati, mkubwa kuliko wote, muuguzi wa kike mwenye gauni jeupe na saa iliyobanwa kifuani, mkono mmoja ameshika kadi, mwingine ameuweka begani kwa mama anayelia.

Mke wangu aliitazama kama anavyotazama chati ya mgonjwa, kutoka juu kwenda chini. Alimwuliza mchoraji amejuaje habari ya hotpoti dirishani. Yule bwana akaweka brashi. Akasema alimuuguza mama yake hospitalini miezi mitatu, na muda wote alikuwa akikaa kwenye benchi moja la nje. Akanyoosha kidole kwenye kona ya chini ya picha. Kwenye benchi palikuwa na kijana mdogo kabisa, amevaa shati jekundu, ameshika tama. "Huyo ni mimi, dada." Kisha akaonyesha muuguzi wa katikati. Huyo jina lake hakulijua, alikuwa wa zamu ya usiku tu.

Mke wangu alilipa 120,000. Hakuna aliyetaja punguzo, si yeye, si mimi. Nilipiga hesabu kimoyomoyo: siku nne au tano za kazi, kitambaa, mbao za fremu, rangi, na ada ya mahali anapoketi. Hakubaki na faida ya kujengea ghorofa.

Mchoraji aling'oa misumari, akaitoa turubai kwenye mbao, akaiviringisha. Hapo nikajifunza jambo la mwisho la safari yetu: picha ya rangi hii huviringishwa upande uliochorwa ukiwa nje, na kwa kuachia nafasi, usiibane. Ukiviringisha rangi ikiwa ndani, inakunjana na kupata nyufa. Na iwe imekauka sawasawa, vinginevyo gazeti litaganda juu yake. Akaifunga kwa gazeti na kamba ya katani. Kwenye treni ya jioni mke wangu hakuiweka kwenye sehemu ya mizigo. Aliipakata mpaka Morogoro.

Fundi seremala wa mtaani kwetu aliiwamba upya kwa shilingi 15,000. Kwa hiyo tulizidisha zile laki mbili kwa elfu tano, na tumepata picha moja na kinyago kimoja, vyote tunajua vilipotoka. Nyuma ya turubai, kabla haijatundikwa, mke wangu aliandika kwa penseli jina la mchoraji, mwaka na mahali. Wageni wakija sasa hawaulizi bei. Wanasogea karibu na kuanza kutafuta nani anafanana na nani wanayemjua.

Msomaji, kama una ukuta mtupu na fedha uliyotaka kununulia maporomoko ya plastiki, nakuomba uipeleke Oysterbay au Mwenge. Nenda na mwenzako. Beba fedha taslimu, tenga nusu siku, pita barazani walipo wachoraji na nyuma ya mabanda kwenye mlio wa tezo. Ukipenda kitu, uliza jina la aliyekitengeneza, na uliandike.